Manyoya ya Mnyama Gani

…lakini mnyama gani, hilo ndilo ambalo Yudita hakulisema, alisema tu ya manyoya ya kweli, ya mnyama, akaisukuma kando ile brashi aliyoletewa jana, kana kwamba wanyama wote wa dunia hii ni mmoja, kana kwamba mtu anaweza kuingia soko la Rumonge asubuhi akasema nipimie mnyama, na sasa Mwalimu Venanti amesimama mbele ya meza ya Elda, mwanamke wa Uvira anayeuza poda, wanja, mafuta ya nywele na rangi za midomo, ameshika brashi mbili, moja kila mkono, na hajui aanzie wapi, maana darasani akikwama huligeuza jambo likawa swali akawarushia wanafunzi, hapa hakuna wanafunzi, yuko Elda peke yake na kiti chake cha plastiki, na Elda anasema, "Hii iko ya mbuzi, Mwalimu, na ile ingine iko ya ekirei," ekirei, ekirei… Kifaransa hicho, yaani kindi, yule mdogo wa mkia mnene anayepita juu ya paa la shule na kutoweka kabla watoto hawajamaliza kumwonyesha kidole, na Venanti anaigeuza brashi ya kindi juu chini, anajiuliza ni nani aliyemkimbiza mnyama kama huyo hadi akamshika, na je, alimnyoa akamwachia au hakumwachia, na kindi wangapi wameingia humu, mmoja, au ukoo mzima, na huko zinakotengenezwa lazima yuko mtu ambaye akiulizwa unafanya kazi gani anajibu mimi nachambua mikia ya kindi, lazima yuko, kila kitu duniani kina mtu wake… "Ya mbuzi inashika poda mingi," anasema Elda, "ya ekirei iko laini kupita, weye unataka ya kufanyia nini?" na hilo ni swali zuri kuliko yake yote, ila jibu lake ni refu, kwa hiyo anasema, "Ya mashavu," basi, ya mashavu, ingawa anajua kwamba hajajibu.

Ya mashavu ya Yudita, hiyo ndiyo sehemu iliyobaki mdomoni, Yudita mkewe, ambaye mvua za kwanza zilipoanza alikuwa anaanua nguo kambani akaanguka na shuka mkononi, na alipoamka hospitali upande wa kushoto wote ulikuwa umemwacha, jicho, shavu, pembe ya mdomo, mkono, mguu, mguu umerudi kidogo kidogo, mkono bado, na mkono huo ndio aliokuwa akiutumia kwa kila kitu, kwa kisu, kwa sindano, kwa kalamu, na Jumapili hii anataka kwenda kanisani, mara ya kwanza tangu augue, "lakini bila uso sitoki," alisema, na uso kwake ni wekundu kidogo wa mashavu, ile poda ya kwenye kikopo chenye kioo, hakuna kingine, hajawahi kupaka midomo wala kope, ni mashavu tu, tangu kambi ya wakimbizi Tanzania, walipokuwa vijana na poda hakuna, akalowesha karatasi nyekundu za mapambo ya Krismasi akajisugua nazo, na Venanti, mchumba wakati huo, akamwuliza kwani mashavu yana nini hata yapakwe rangi, naye akasema, "Yanawaambia watu nimelala vizuri," na kambini hakuna aliyekuwa analala vizuri, na jibu hilo limekaa kichwani mwake miaka hii yote, kila akilipitia linamtazama… brashi yake ya zamani ilikuwa nzuri, Venanti hakumbuki ilitoka wapi, walipokuwa hospitali panya walizing'oa nywele zote wakawatandikia watoto wao, kikabaki kijiti, na hata hilo lilimshangaza, kwamba ndani ya nyumba yenye nguo na pamba na magunia panya alichagua nywele zile zile, ina maana panya naye anajua, basi jana akanunua nyingine dukani karibu na kituo cha mabasi, ina mpini mzuri wa waridi, Yudita akaigusisha kwenye shavu la kulia, lile linalosikia, akairudisha, "Huu ufagio, Papa Eliana," akajaribu hata hivyo, kwa mkono wa kulia usiozoea, rangi ikaanzia puani ikaenda hadi sikioni, akajitazama kwenye kioo, akafuta kwa pindo la kitenge, akasema, "Utanipaka wewe," kwa sauti ile ile ya kusema niletee maji, naye akasema sawa, kama anayekwenda kuleta maji, na ni baadaye, akiwa anaoga, alipoelewa kwamba amekubali kazi asiyoijua hata kidogo, akatoka na taulo kuuliza kwa nini asiitwe mke wa Protasi, jirani, ambaye hupamba maharusi, na Yudita akasema hapana, na alipomkumbusha kwamba Eliana binti yao anaweza kupanda basi la Bujumbura akafika Jumamosi, hapana hiyo hiyo… kwa nini hapana, hilo nalo ni swali, leo ana maswali mengi kuliko brashi za Elda.

"Vuta," anasema Elda, "vuta nywele, usiogope, kama zinatoka, weka chini," anavuta, hazitoki, "sasa angalia hapa juu," na Elda anachukua brashi ya tatu, ya nailoni, anaiweka kando ya ile ya mbuzi kwenye mwanga, "hii ya nailoni imekatwa sawasawa, unaona, kama majani ya kiwanja, ya mnyama kila nywele iko na ncha yake," kweli, kila unywele unaishia wembamba kabla ya kuisha, haukukatwa, uliota hivyo, mbuzi aliuotesha mwenyewe bila kujua utakwenda wapi, na Venanti anakumbuka somo la sayansi, kwamba unywele wa mnyama ukiutazama kwa hadubini una magamba, magamba madogo yaliyopangwa kama ya samaki, na nailoni haina, ni utelezi mtupu, basi ndiyo maana poda inashika, inakaa ndani ya magamba, inasafiri humo hadi kwenye shavu… anatabasamu peke yake, kumbe wanawake wamebeba kitu chenye magamba kwenye pochi zao siku zote, na yeye amefundisha unywele kila mwaka, akachora ubaoni, hakuna siku alijiuliza unywele unafanya kazi gani ukishatoka kwa mwenyewe… lakini atajuaje kwamba hii ni ya mbuzi kweli, si kwamba Elda anadanganya, Elda naye aliuziwa, na aliyemwuzia aliuziwa, neno mbuzi limepita midomo mingi hadi kufika hapa, njia ni moja tu, "Mama Elda, naweza kuchoma unywele mmoja?" na Elda anamtazama, "Kuchoma? Mwalimu, mimi nauza, sipike," anamweleza, mmoja tu kutoka kila brashi, harufu itasema, na Aruna wa meza ya pili, anayeuza tochi na betri na ambaye amekuwa akisikiliza huku akijifanya anafuta vumbi, ananyoosha kiberiti cha gesi, "Mwachie, Elda, Mwalimu akiuliza kitu hatoki hapa, mimi mutoto wangu anasoma kwake," na Elda anacheka kidogo kwa pua, anachomoa mwenyewe, kwa kucha, unywele mmoja mmoja, kama anayetoa mwiba.

Wa nailoni unayeyuka, unajikunja ukawa tone jeusi, harufu ya dumu la mafuta lililotupwa motoni, hilo limekwisha, wa mbuzi unawaka mara moja na kusinyaa, majivu tu, na harufu hiyo hakuna asiyeijua, ni kichwa cha mbuzi kinavyochomwa manyoya asubuhi ya Krismasi, wote watatu wanainama na kunusa, "Mbuzi, hapo hakuna swali," anasema Aruna, wa kindi nao unasinyaa, harufu ni ya nywele, ndiyo, lakini ni ya kindi au ya nini, nani hapa amewahi kuchoma kindi, "Inaweza kuwa paka," anasema Venanti, hana ubaya wowote, anawaza tu kwa sauti, na Elda anashika kiuno, "Paka? Mimi niuze paka?" na Aruna anasema paka harufu yake ni nyingine, Elda anamwuliza anaijuaje, na Aruna anageukia betri zake… basi kindi itabaki jambo la kuamini, mambo mengi ni ya kuamini, daktari naye alisema mkono utarudi, hakusema lini, hakuchoma unywele wowote kuthibitisha, na Yudita alimsikiliza daktari kwa jicho moja wazi na la pili nusu, hakuuliza kitu, Venanti ndiye aliuliza, aliuliza mpaka daktari akatazama saa… "Weka kwa shavu, si kwa mukono," anasema Elda, "mukono ya mwalimu iko na chaki mingi, haisikie kitu," na kabla hajakubali Elda ameshainama juu ya meza na kumpitishia ile ya mbuzi, chini ya jicho, kuelekea sikio, mara moja, mara mbili, na Venanti anafumba macho katikati ya soko, hakukusudia, yamejifumba, sauti ya kondakta anayeita Nyanza-Lac, Nyanza-Lac, inasogea mbali, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, inabaki, na anachosikia ni kitu kilicho hai, kina msukumo, unakiegemea nacho kinakuegemea, nani mwingine huugusa uso huu, kinyozi, basi, na kinyozi hugusa kama anayegeuza kibuyu apate upande wa pili… sasa ya kindi, na ya kindi haipo, ni kama mtu amepita karibu na upepo wake tu ndio umefika, anafumbua macho, mwanamke aliyebeba beseni la samaki wa mukeke kichwani amesimama kutazama mwanamume anayepambwa, anasema amahoro, naye anajibu amahoro kwa heshima zote, na mwanamke anaendelea na safari yake.

Ya kindi, anafikiri, bila shaka ya kindi, kwa sababu ni mkewe na mtu humpa mkewe kilicho laini zaidi, halafu hapo hapo anajiuliza laini kwa shavu gani, la kulia litasikia, la kushoto halisikii kitu, alimwambia mwenyewe, "Upande huu ni kama wa mtu mwingine, kama mtu ameniegemezea uso wake akasinzia," na ulaini usiosikika ni wa nani, ni wa anayepakwa au ni wa anayepaka… "Ni weye utamupaka?" Elda anauliza, pole pole, ameacha kuuza sasa, anauliza tu, "Ni mimi," "Ulishapaka mutu hata siku moja?" "Nimepaka rangi ubao wa darasani," na Aruna anacheka lakini Elda hacheki, anasogeza kiti, "Anaumwa?" naye anasema alipooza, upande wa kushoto, mkono na uso, anataka kwenda kanisani, na maneno yakishatoka yanaonekana machache kuliko alivyodhani, Elda anasema pole, Mwalimu, halafu kwa sauti ya kazi, "Iko rahisi, nitakuonyesha, unagusisha brosi kwa poda kidogo, unapuliza ile imezidi, halafu unamwambia acheke, bila kucheka hauwezi kujua, akicheka shavu inapanda, inakuwa duara, pale, pale inapanda ndio unaweka, unavuta kwenda ku sikio, basi," na anajionyesha mwenyewe, anacheka kicheko cha kazi, mashavu yake mawili yanapanda kama mandazi ndani ya mafuta, anagusa moja, anagusa la pili, "hapa na hapa," na Venanti anaitikia kwa kichwa, hapa na hapa, anaitikia tena, halafu kichwa kinasimama, kwa sababu Yudita akicheka sasa shavu halipandi hapa na hapa, linapanda hapa tu, kulia, kushoto kunabaki vilevile, kumelala, na kama rangi inawekwa pale shavu linapopanda, kwenye shavu lisilopanda inawekwa wapi… anauliza, "Na upande usiocheka?" na Elda anapanga vikopo vyake upya mezani, "Ule ingine… utafwata ule muzuri, unapima, unaweka sawa na wa kulia," na Venanti anasema murakoze, asante, ni jibu zuri, ni hesabu, unapiga mstari katikati ya pua na kuhamisha kila nukta ng'ambo, kama wanavyochora kipepeo darasa la tano, lakini kipepeo ana haki ya kulingana, na Yudita je, alikuwa amelingana… na hapo ndipo anapogundua kwamba hajui.

Hajui, amelala na mwanamke huyu na kuamka naye, na hajui shavu lake la kushoto lilipanda hadi wapi, si ajabu hii, anajaribu kulitafuta, anaanza na picha, picha ya kitambulisho, uso mkavu, hairuhusiwi kucheka, picha ya karatasi za ukimbizi, mkavu zaidi, picha ya harusi kambini, ametazama chini kama bibi harusi alivyofunzwa, picha ya ubatizo wa Eliana, ametazama mtoto, nusu ya uso imemezwa na kitambaa, basi aache picha, atafute kichwani, mezani, lakini mezani yeye hukaa kulia kwake tangu mwanzo, kwa sababu Yudita hula kwa mkono wa kushoto na ukikaa upande huo viwiko vinagongana, njiani pia kulia, kanisani kulia, sijui kwa nini kanisani nako, mazoea ya viwiko labda, maisha yote ameishi upande wa kulia wa Yudita kama mtu aishiye upande mmoja wa mlima, anajua kila jiwe la upande wake, na ng'ambo kuna nini hajui… "Mwalimu?" anasema Elda, na anasikia lakini yuko mbali, anapekua, Yudita anachota maji, Yudita anagombana na mbuzi wa jirani, anacheka, ndiyo, lakini amegeuka, Yudita anaimba, kuimba si kucheka… halafu, bila kuitwa, mti, mchikichi, shamba la baba yake Venanti kule Kizuka mwaka waliporudi kutoka Tanzania, walipogawiwa kipande chao na michikichi mizee ya kupanda kwa mkanda, na yeye, aliyekulia kambini akifundisha mazidisho, akasema kupanda ni damu ya ukoo, akajifunga mkanda kiunoni akauzungusha kwenye shina, akapanda, akapanda, na katikati akakwama, mkanda ukagoma kwenda juu na miguu ikagoma kwenda chini, akakumbatia shina kama mtoto mgongoni, na Yudita chini na beseni la kupokelea chikichi, akamwita, "Papa Eliana, damu ya ukoo inasemaje?" naye akatazama chini, na Yudita alikuwa ametazama juu, uso wote, wazi, hapana kulia wala kushoto maana juu hakuna viwiko, akicheka mpaka akaliweka beseni chini, na mashavu yamepanda yote mawili, na si sawa, hayakuwa sawa hata kidogo, la kulia lilipanda pale alipolizoea, la kushoto lilikwenda juu zaidi, likaenda hadi likafunga jicho, likaacha kishimo kidogo chini yake, kumbe ndiyo maana akicheka sana alikuwa anafuta jicho moja tu, la kushoto, na yeye kila mara alidhani ni vumbi… juu zaidi, basi, si sawa na la kulia, karibu na jicho, akifuata kipimo cha Elda atampaka mwanamke mwingine, mzuri pengine, aliyelingana kama kipepeo, lakini mwingine, na labda ndiyo maana mke wa Protasi alikuwa hapana, na Eliana hapana, au labda si hivyo, labda hataki tu kutazamwa kwa karibu na watu, atamwuliza, na asipojibu ni sawa pia… na atauanza upande huo, wa kushoto, kwanza, kabla hajamwambia acheke, kwa sababu upande huo haumo tena usoni kwa Yudita, umo kichwani mwake yeye, na mkono wake ndio utakaoutafuta, na mkono usiosikia kitu utapotea, shavu lile haliwezi kumwambia hapo, sogea, hapo, basi brashi ndiyo itabidi imwambie, ile inayoegemewa ikaegemea, inayogonga mfupa mkono ukajua, ya kindi itapita kama upepo na hatajua imepita wapi, kumbe laini zaidi si lazima iwe ndiyo nzuri zaidi, ni mbuzi, ni ya mbuzi… Aruna amempata mteja wa betri, kondakta bado anaita Nyanza-Lac, brashi mbili bado ziko mikononi mwake, moja huku na moja huku, na Elda anamwuliza tena, hana haraka, "Mwalimu, unachukua gani?" na Venanti anajua, atamwambia, sasa hivi atamwambia, ila Yudita angali pale chini anacheka, ametazama juu, na yeye hajamaliza kutazama.